Mazimwi Yangu Chini ya Sukari

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani kupumzika kidogo, na mpaka leo bado napumzika. Nina kuku wa mayai nyuma ya nyumba, nina mke anayefundisha watoto wa chekechea upande wa pili wa mji wa Migori, na nina kiti kimoja cha mbao ambacho kimekwisha kuuzoea mgongo wangu. Watu wengine husafiri. Mimi nikifika stendi kununua chakula cha kuku, nikirudi naoga kama mtu aliyetoka Mombasa.

Kwa hiyo nisilaumiwe kwamba raha yangu kubwa ilikuwa ya mezani. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana watu walikuja kwangu kucheza mchezo ambao jirani mmoja aliuita kudanganyana kwa zamu. Hakukosea sana. Mtu mmoja ndiye mchezeshaji: anasimulia pango, msitu, mlango unaolia ukisukumwa. Wengine kila mmoja ana shujaa wake, na anasema shujaa huyo anafanya nini. Dadu inarushwa kuamua kama mshale umempata zimwi au umempata punda wa mwenzako. Mchezeshaji ndiye mazimwi yote, ndiye mvua, ndiye mwenye duka anayekataa kupunguza bei. Mchezeshaji nilikuwa mimi.

Mazimwi niliyapata sokoni. Kuna mama anayefungua marobota ya vitu vya kuchezea, vile ambavyo watoto wa ng'ambo wamevichezea wakavichoka. Robota likikatwa kamba, wanunuzi huvamia kutafuta kamera, yaani vile vya daraja la kwanza: magari yenye magurudumu yote, wanasesere wenye nywele. Mimi sijawahi kupigania kamera. Nilingoja vumbi litulie, kisha nikainama kwenye mabaki, maana huko ndiko mazimwi yanakoishi. Dinosau aliyeng'oka mkia. Mamba ambaye taya moja limelegea. Buibui wa mpira anayenata kama unga wa chapati. Wanajeshi wa kijani wa plastiki, wengine wameyeyuka nusu, ambao mikononi mwangu waligeuka kuwa majini ya pangoni. Yule mama aliamini nina watoto wengi sana na wote hawana bahati.

Nyumbani nilikuwa na utaratibu. Plastiki iliyopinda unaitumbukiza kwenye maji moto, unainyoosha ikiwa laini, kisha unaitia kwenye maji baridi. Chini unagandisha kizibo cha soda ili kidude kisimame. Halafu unakipaka chote rangi nyeusi ya viatu, na kabla haijakauka unakipangusa kwa kitambaa. Weusi unabaki kwenye mikunjo na magamba, na ghafla kitu cha mtoto kinaonekana kana kwamba kimezaliwa gizani na hakijawahi kusamehe mtu. Macho nilitia kwa rangi nyekundu ya kucha ya mke wangu. Zimwi langu kuu lilikuwa yule dinosau. Nilimshonea mabawa ya kitambaa cha mwavuli uliovunjika, yakawa yanafunguka na kufungika. Nilikuwa nikimtoa chini ya meza polepole huku nikinguruma, na mbwa wa mtaa mzima wakinijibu.

Wachezaji walikuwa mke wangu na fundi viatu wa mtaani kwetu, Mkuria wa upande wa mpakani, mtu anayecheka kwa nadra lakini akianza humalizia siku inayofuata. Yeye ndiye aliyenipa ile rangi ya viatu. Alikuwa na shujaa mfupi mwenye shoka. Mke wangu alikuwa mpiga mishale. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono mapajani, akiyatazama mazimwi yangu kwa makini bila hata kupumua vizuri, na mimi nikajiambia: hiyo ni hofu. Nimemtisha mwalimu wa chekechea, mtu ambaye hatishiki na kitu.

Mchezaji wa tatu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, enzi zile akisomea kompyuta hapa Migori na kula kwetu. Yeye alikuwa mwizi, mchezoni, nisije nikashtakiwa. Alipomaliza masomo alirudi kwao Homa Bay, akafungua kibanda cha kutengeneza simu. Nilimsindikiza stendi kwa moyo mweupe. Ningejua, ningemfundisha karata.

Picha zilianza kuja kwa simu ya mke wangu. Shemeji amepata rafiki Kisumu mwenye mashine inayochapa plastiki badala ya karatasi. Unaiambia joka, inakutolea joka. Na shemeji, kwa mkono ule ule uliokuwa ukimwaga uji kwenye meza yangu, alikuwa amejifunza kupaka rangi kwa brashi nyembamba kama unywele. Joka lake lilikuwa na magamba ya rangi ya shaba, kila gamba na mwanga wake na kivuli chake. Lilikuwa na ulimi. Ulimi wenyewe ulikuwa na mate.

"Yawa!" mke wangu akasema, ule mshangao wa Kijaluo usiotoka bure.

Nimeishi na huyu mwanamke miaka, nimemletea mamba, buibui na jeshi zima la majini, na hajawahi kuniambia yawa.

"Hebu ona meno," akasema.

"Nimeona."

"Hujaona. Ona tena."

Niliona tena. Nilimwomba simu nikaenda nayo kwa kuku, nikasingizia mayai. Nikaikuza ile picha nikitafuta kasoro: rangi iliyomwagika, jicho lililopotoka, chochote. Nikaikuza mpaka joka likawa madoadoa, na nikafurahi kidogo kwa hayo madoadoa. Wivu ulinikaa hapa, chini ya koo, mahali unapokwama mwiba wa samaki. Unameza ugali, unameza maji, na bado ukigeuza shingo unajua upo.

Siku chache baadaye mke wangu akaleta habari pamoja na mboga.

"Tumealikwa Homa Bay Jumapili. Tutachezea kwa mama."

"Mama amekubali majoka nyumbani kwake?" Mama mkwe wangu ni Msabato asiyetaka hata picha ya nyoka ukutani.

"Alikataa. Akaambiwa joka huwa linauawa mwishoni. Sasa amesema atakaa pale ahakikishe." Akaniwekea kipande cha samaki. "Na nikuambie kabisa. Kama kuna raha kuliko hapa, basi Jumapili tutakuwa tunaenda huko. Na wewe utacheza kama sisi. Utapumzika kunguruma."

"Mimi sijachoka kunguruma."

"Majirani wamechoka. Na yule dinosau wako tumemuua mpaka namwonea huruma."

Nilimwendea fundi viatu nikitafuta mtu wa upande wangu. Alikuwa akipigilia soli. Hakuinua uso.

"Mimi naenda palipo na joka," akasema.

"Na hapa kwangu kuna nini?"

"Hapa kwako kuna mwavuli."

Hapo ndipo nilipopanga mpango wangu. Sikutaka kumwachia kijana Jumapili zangu bila hata kujitetea. Ningekwenda na mazimwi yangu kimyakimya, na mchezo ukifika katikati ningesema, kwa upole wa mtu mkubwa, "Shemeji, nipe chumba kimoja tu cha hilo pango nikuendeshee." Ningeyapanga mezani yangu kando ya yake, niseme maneno yangu ninayoyajua, nifungue mabawa, na mke wangu angeona tofauti ya rangi na roho. Lakini sikutaka aone nimeyabeba. Angenicheka kutoka Migori hadi Rongo, na kutoka Rongo aanze upya. Kwa hiyo nilichukua ule mfuko wa zawadi tuliokuwa tumeuandaa kwa ajili ya mama mkwe, wenye sukari, mikate, majani ya chai na mafuta ya kupikia, nikayapanga mazimwi chini kabisa, nimeyafunga kwa gazeti. Sukari ikakaa juu yao kama kifuniko.

Mtu anaweza kuuliza mbona mtu mzima, Mluo, aliyeoa kwa taratibu zote, alisahau namna mfuko wa zawadi unavyopokelewa ukweni. Na mimi najiuliza.

Nyumba ya mama mkwe iko juu kidogo ya mji, na ukiwa mlangoni unaliona ziwa kati ya migomba. Kabla sijavuka kizingiti, shangazi mmoja wa nyumba ile alikuja ameinama kwa heshima, akaupokea ule mfuko kwa mikono miwili, akageuka nao moja kwa moja jikoni. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Mkwe hafungui zawadi zake mwenyewe, haulizi zimewekwa wapi, na jikoni kwa mama mkwe hakanyagi kabisa. Nilifungua mdomo. Ningesema nini? Rudisha kidogo, kuna mamba wangu ndani? Nikaufunga. Mke wangu akanitazama.

"Mbona umekuwa kama umemeza kijiko?"

"Ni safari tu."

Wakanikalisha kwenye kiti kikubwa chenye kitambaa cha kufumwa, kile cha wageni, kinachokulaza nyuma mpaka huifikii meza. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda mlangoni, anachambua mboga, bega lake limegeuzwa kwangu, maana mkwe na mama mkwe hawakodoleani macho. Na shemeji, kwa ufunguo uliotoka mfukoni mwake, akafungua kabati la kioo lililojaa mazimwi yake.

Sikutaka kuyasifu. Niandike tu kwamba yalikuwa mazuri, na kwamba yalikuwa mabaya zaidi kwangu kwa sababu picha zilikuwa zimeyapunguza. Zimwi la mawe lilikuwa na ukungu mgongoni. Mchawi mmoja alikuwa na kucha chafu. Fundi viatu aliweka miwani. Mke wangu hakukaa kitini.

"Na nimewatengenezea na nyinyi," shemeji akasema, akatoa mashujaa. Mpiga mishale wa dada yake alikuwa na kilemba cha kitenge. Mfupi wa fundi alikuwa na shoka na aproni. Kisha akaweka mbele yangu shujaa mwenye ngao, vazi la fedha, na kitambi kidogo.

"Kitambi ni cha nini?" nikauliza.

"Ni wewe, shem. Nilitaka ujitambue."

Mwenye ngao, kwa asiyecheza, kazi yake ni moja: anasimama mbele ili mazimwi yampige yeye badala ya wenzake. Nikasema vizuri. Nitapigwa. Nitapigwa vibaya, nitaanguka kishujaa, mke wangu atanililia, na joka la huyu kijana litakuwa limenisaidia mimi.

Mchezo ulianza. Kijana anasimulia vizuri, kwa mtindo wangu ule ule, hata kunyamaza kwangu kabla ya jambo kubwa alikuwa ameniibia. Mwizi ni mwizi. Tulipanda mlima, tukaingia pangoni, na joka likatoka nyuma ya sahani iliyofunikwa. Likashushwa mezani mbele ya shujaa wangu, mdomo wazi.

Mlangoni mboga zikasimama.

"Huyo mwenye ngao ni nani?" mama mkwe akauliza, kwa mwanawe.

"Ni shemeji, mama."

"Na hilo linamwendea kufanya nini?"

Shemeji akasita, dadu mkononi. "Linataka kumwuma, mama. Kidogo tu."

"Mkwe wangu?"

Shemeji akaikunja dadu kiganjani.

"Mkwe wangu atoke Migori, akae nyumbani kwangu, chakula hajakula, halafu aumwe?"

"Mama, ni mchezo."

"Na ni mkwe. Hakuna watu wengine hapo? Huyo fundi si yupo?"

Joka likageuka. Nasema ukweli, nilimwona shemeji akilishika mabawa na kuligeuza taratibu kama dereva wa lori kwenye barabara nyembamba, likanipita mimi na ngao yangu, likamwuma fundi viatu begani. Fundi alipiga kelele ya furaha ambayo sikujua anayo.

Na ikawa hivyo mchezo mzima. Popo walishuka, wakamkuta fundi. Zimwi la mawe lilirusha jabali, likazunguka kona kumtafuta mke wangu. Nilijitupa mbele mara kwa mara. Nilitukana mazimwi, ila kwa sauti ya kanisani, maana mkwe hangurumi mbele ya mama mkwe. "Njoo kwangu basi, tafadhali," nilimwambia mchawi. Mchawi alimtazama mama mkwe, akapita. Nimeheshimiwa maishani, lakini sijawahi kuheshimiwa mpaka nikatamani kulia.

Mke wangu, kwa upande wake, alikuwa amesimama. Kilemba kimemtoka. Alirusha dadu kwa mikono yote miwili, akapiga meza, akaruka nyuma joka lilipotema moto, akamshika mdogo wake shati akimwambia, "Usinifanyie hivyo! Usinifanyie hivyo!" Kisha akacheka, kisha akapiga yowe tena. Macho yake yalikuwa makubwa. Nilimtazama kutoka kwenye kile kiti cha wageni, nimelala nyuma, mzima bila mkwaruzo, nikaelewa kwamba sijawahi kumtisha mke wangu hata siku moja. Kwangu alikaa kimya, mikono mapajani. Huku alikuwa anaogopa kwa mwili mzima, na kwa ajili ya mtu mwingine. Kwamba mtu huyo ni mdogo wake haikunisaidia kitu. Wivu hauulizi ukoo.

Nikasema nitajikaza niombe kile chumba kimoja cha pango. Ndipo nikakumbuka mazimwi yangu yako wapi.

Tuliitwa kula. Kabla ya maombi mama mkwe akasimama mlangoni, akaielekea kalenda ya ukutani ili asinielekee mimi, akaanza kunishukuru. Akashukuru kwa sukari. Akashukuru kwa mikate, kwa majani, kwa mafuta. Kila kitu akakitaja na kukitulia. Chini ya hivyo vyote kulikuwa na gazeti langu.

"Lakini wakwe wote huleta sukari," akaiambia kalenda. "Akishaleta sukari anaona amemaliza. Huyu wangu amewakumbuka watoto."

Na nje, kati ya migomba, nikavisikia vicheko. Nikageuza shingo. Wajukuu wa boma lile walikuwa wameyagawana. Mamba alikuwa anaogeshwa kwenye karai. Wanajeshi wangu, majini ya pangoni, walikuwa wamepandwa kwa mstari kama vitunguu. Mabawa ya dinosau yalikuwa yamekwisha ng'olewa na kufungwa kwa uzi yawe mwavuli tena, mdogo, wa mwanasesere.

Mke wangu aliyatazama. Akanitazama mimi. Akaelewa yote, nikaona anavyoelewa, hatua kwa hatua, mpaka akaficha uso kwenye leso na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Amejawa na machozi," mama mkwe akaieleza kalenda. "Hata mimi nimejawa." Kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe una mashetani yako kabatini, umeyafungia kwa funguo. Umewahi kuwapa hawa watoto hata mkia?"

Shemeji akainamisha kichwa. Alijua, hakika. Alikuwa amewapiga wale wanajeshi kwa miaka, mmoja mmoja anamfahamu. Lakini alinyamaza, na alinyamaza vibaya, kwa namna ya mtu anayeweka akiba.

"Ero kamano, mkwe wangu," mama mkwe akashukuru tena. "Mungu akuongezee pale ulipotoa."

"Amina," nikasema. Kwa sauti kubwa.

Tulifika nyumbani jua bado lipo. Nilikwenda kufungia kuku, mke wangu akanifuata akaegemea mlango wa banda.

"Kwa nini uliyabeba?"

"Nilitaka uyaone karibu na yake."

Nilitegemea kicheko. Hakucheka. Akaokota yai lililobingirika, akalipangusa kwa kidole gumba.

"Ningemwambia mama," akasema. "Angeyarudisha bila kinyongo. Lakini uliitikia amina kwa sauti kubwa."

"Basi Jumapili utakwenda Homa Bay."

"Na wewe twende."

"Kule siumwi. Mahali ambapo siwezi kuumwa, mimi ni pambo. Nitakaa kwenye kile kiti nikiwatazama mkifa kwa raha?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kwa uzito, kama anavyofikiri jinsi ya kuwagawia watoto kumi biskuti chache. Alikuwa anataka lile joka. Hakunificha. Lakini pia hakuondoka mlangoni.

"Basi lije huku," akasema. "Hapa mama hayupo. Hapa wewe ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba anaweza kuliwa."

Kwa hiyo shemeji alikuja Migori, na sanduku lililojazwa pamba. Sokoni nilikuwa sijapata kitu; robota la mwezi ule lilikuwa la viatu. Fundi alikwisha kufika kabla ya wakati, amevaa shati la kutokea. Mezani palibaki swali la nani akae wapi, na wote wakajifanya wanaangalia dirishani. Kile kiti changu ndicho pekee kinachoona meza yote. Mchezeshaji hawezi kuchezesha kutoka kwenye stuli.

"Kaa hapo," nikamwambia shemeji.

"Hapana, shem, hapo ni pako."

"Kaa kabla sijabadilisha mawazo."

Akakaa. Akajisogeza kidogo kulia na kushoto, akitafuta pa kuweka mgongo, na kiti kikalia mlio ambao hakijawahi kunililia mimi.

Joka lilinila mapema sana. Alasiri yenyewe ilikuwa haijachangamka. Lilishuka kutoka juu ya rafu ya vikombe, likafungua mdomo, shemeji akarusha dadu, akanitazama, na ile akiba yake yote akaitoa siku ile. Hakuna aliyeuliza mkwe ni nani. Nilipigwa, nikatupwa ukutani, nikatafunwa pamoja na vazi langu la fedha. Nilinguruma mpaka mbwa wakaitikia. Ilikuwa tamu, siwezi kukataa. Ila ikaisha, na aliyekufa katika mchezo huu hana kazi tena mezani.

"Shem, umekufa," kijana akaniambia kwa upole. "Labda utuwekee chai."

Nikaenda jikoni kwangu mwenyewe, nikawasha jiko. Kutoka pale nilisikia kila kitu. Mke wangu akipiga yowe. Mke wangu akisema "Yawa, yawa, nyuma yako!" Fundi akianza kicheko chake ambacho najua kitaisha kesho. Nilisimama nikisikiliza mpaka maziwa yakafura, yakamwagika, yakaungua kwa harufu ya kuniaibisha mbele ya wageni.

Mke wangu aliingia kuangalia kuna nini. Alikuwa anahema, nywele zimesimama upande mmoja.

"Limemkata fundi mkono!" akasema. "Limebaki nami peke yangu. Naogopa mpaka magoti."

"Yangu uliyaogopa hivyo?"

Nilikuwa naipangusa meko, sikumtazama. Akazilaza nywele zake, kama mtu anayechagua kati ya uongo mzuri na kitu kingine.

"Yako niliogopa yatavunjika," akasema. "Nilikuona ukiyagandisha. Nilikuwa nakaa mbali na meza nisije nikaiangusha."

Akanishika bega, lile la karibu, akarudi mbio kwa joka.

Nilimimina chai. Kikombe kilichopata ukoko wa maziwa yaliyoungua nilikitenga, nikaukoroga ukoko uende chini, nikampa mchezeshaji. Alishukuru sana. Akaniambia nisimame karibu nione, maana dada yake amebakiza pumzi moja tu, na dadu inayofuata ndiyo itakayoamua. Mke wangu aliiziba dadu kwa viganja, akaipulizia, akaniangalia bila kuniona. Fundi alishika miwani yake.

Nami nikajikuta nalishangilia joka. Kwa ndani, kwa moyo wote. Mle, nikawa naliambia, mle huyo. Aliyekufa hana kazi mezani, na jikoni kulikuwa na vigoda viwili.

Dadu ikabingirika, ikasimama. Mke wangu akaruka juu akipiga vigelegele. Joka lilikuwa limekosa.

Nikachukua sinia, nikarudi kuongeza sukari.